Solomon Eliufoo, Mwalimu wa Machame

Ukiacha barabara kuu ya Moshi na Arusha pale Kwa Sadala, ukalipa soko kisogo na kupanda kuelekea migombani, uko Hai, nchi iliyomlea Solomon Eliufoo. Alikuwa Mlutheri, mwalimu aliyesoma hadi Marekani. Msomaji akiuliza kwa nini seminari ya Kikatoliki inamkumbuka, jibu letu ni fupi: shule zetu nazo zilipita mikononi mwake.

Mwaka 1951 Wachagga walimchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu. Aliyempigania zaidi ni Petro Njau na chama chake cha raia wa Kichagga. Wakati ule hao ndio waliokuwa wanamageuzi, wakitaka kupunguza nguvu za wamangi wa zamani. Haikupita miaka kumi wakawa walinzi wa kiti. Ndivyo siasa zilivyo, tusiwacheke.

Ndani ya TANU nako kulikuwa na mvutano. Januari 1958, mjini Tabora, wajumbe walibishana juu ya kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Zuberi Mtemvu aliona huo ni udhalilishaji, akatoka na kuanzisha chama chake. Nyerere na wenye msimamo wa wastani walishinda. Katika uchaguzi huohuo wa kura tatu Eliufoo aliingia Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1959 akawa waziri.

Hapa ndipo tunapomwona vizuri. Dar es Salaam alihesabiwa miongoni mwa wapole. Mlimani, watu wa Mangi Mkuu walimwona mvunja nyumba, kwa kuwa alidai Wachagga waongozwe na rais wa kuchaguliwa. Mtu aliweza kushika kadi ya TANU na bado akamheshimu Marealle kwa moyo wote. Kwa wengi uamuzi ule uliuma. Kura ya Februari 1960 ilikikataa kiti cha Mangi Mkuu, na Eliufoo akawa Rais wa Wachagga.

Baada ya uhuru aliongoza Wizara ya Elimu. Shule za kubagua rangi zilikwisha, na mwaka 1964 ada za sekondari zikafutwa. Utawala wa jadi nao ulifutwa nchi nzima, na urais wa Wachagga, alioupigania hadi kugombana na majirani, ukaondoka pamoja nao.