Jenerali China: Askari wa Burma aliyekataa historia ya msituni izikwe

WAPIGANAJI wengi waliojificha katika misitu ya Mlima Kenya miaka ya 1950, kuanzia Nyeri hadi Embu na Meru, waliaga dunia bila kuandika lolote kuhusu vita walivyopigana. Waruhiu Itote, aliyefahamika zaidi kama Jenerali China, alikuwa miongoni mwa wachache walioshika kalamu.

Itote alizaliwa mwaka wa 1922 huko Mukurwe-ini, Nyeri. Mnamo 1942 alijiunga na jeshi la King's African Rifles (KAR), akapelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kisha Burma kupigana na Wajapani.

Ni katika utumishi huo wa kijeshi ndipo alipopata somo ambalo shule za mkoloni hazikufundisha. Mwanajeshi Mmarekani mweusi alimsimulia jinsi watumwa wa Haiti walivyowashinda Wafaransa na kuunda taifa lao, lililopata uhuru mwaka wa 1804. Itote alitambua kwamba watu weusi walikuwa na historia yao ya ushindi, na kwamba yeye alikuwa akihatarisha maisha kwa ajili ya dola iliyomnyima uhuru nyumbani.

Aliporejea, alifanya kazi ya kuchochea makaa katika magarimoshi na kujiunga na chama cha KAU. Alikula kiapo mwaka wa 1950, na Agosti 1952, miezi miwili kabla ya hali ya hatari kutangazwa, akaingia msituni. Dedan Kimathi na Stanley Mathenge walipokuwa wakiongoza Nyandarua, Itote aliongoza vikosi vya Mlima Kenya, akitumia ujuzi alioupata Burma.

Januari 15, 1954, alikamatwa akiwa na jeraha la risasi shingoni. Mahakama ya Nyeri ilimhukumu kifo, lakini akanusurika baada ya kukubali kuisaidia serikali kuwashawishi wenzake wajisalimishe. Mazungumzo hayo yalivunjika Aprili mwaka huo. Wapo waliomwona kuwa msaliti kwa sababu hiyo, na doa hilo halikumwondokea kabisa.

Alifungwa Lokitaung, Turkana, alikokuwa Jomo Kenyatta, ambaye alimfundisha Kiingereza. Aliachiliwa mwaka wa 1962, akapata mafunzo ya kijeshi Israeli, kisha akawa naibu mkurugenzi wa Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), lililoanzishwa mwaka wa 1964.

Wakati huo viongozi wa taifa walikuwa wakiwahimiza wananchi kusahau yaliyopita. Mau Mau lilikuwa bado kundi haramu kisheria, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka wa 2003. Hata hivyo, mwaka wa 1967 Itote alichapisha kitabu chake, Mau Mau General, na mwaka wa 1979 akaongeza Mau Mau in Action. Alifariki mwaka wa 1993. Wasomaji wanaweza kumkosoa kwa mazungumzo ya mwaka wa 1954, lakini angalau wanayo maelezo yake ya kupima.

Upande wa mashariki wa mlima hali ni tofauti. Musa Mwariama wa Meru, ambaye mkoloni hakufaulu kumkamata, alitoka msituni Desemba 1963 na kufariki mwaka wa 1989. Mwenzake, Jenerali Baimungi, aliuawa na maafisa wa usalama Januari 1965, Kenya ikiwa tayari huru. Jenerali Kubukubu wa Embu aliuawa vitani. Hakuna kati yao aliyeacha kitabu. Tunayoyajua kuwahusu yametokana zaidi na masimulizi ya jamaa na wapiganaji wenzao, pamoja na faili za wale waliowawinda.

Pengo hilo haliwezi kuzibwa na kitabu cha jenerali wa Nyeri. Aliyekuwa na umri wa miaka 18 wakati hali ya hatari ilipotangazwa sasa amepita miaka 90. Shule, vyuo na serikali za kaunti za Meru na Embu zina muda mfupi mno wa kuwafikia wazee waliosalia na kurekodi sauti zao. Itote alijifunza kutoka kwa askari mgeni kwamba historia isiyosimuliwa na wenyewe husimuliwa na wengine. Wazee hawa wanastahili kusikilizwa kabla hawajaondoka nayo.