Dakta Denis Burkitt: Aliyetafiti Bila Kuiacha Wodi



Hapa Biryogo, baada ya sala ya Isha, chai ya maziwa ikiwa mezani, ndugu zetu wanaosomea tiba hulirudia swali moja. Daktari aliyekwisha kuanza kazi, mwenye zamu za usiku na foleni ya wagonjwa, ataipata wapi nafasi ya kusomea udaktari wa juu, ule wa kufanya utafiti na kuandika tasnifu? Wengi hudhani ni lazima kwanza aiache wodi, apate ufadhili wa ng'ambo na maabara kubwa.

Katika toleo hili tumsome mtu aliyefanya kazi kwa jirani zetu wa Uganda. Dakta Denis Burkitt hakuwa Muislamu. Alikuwa Mkristo mshika dini. Lakini matabibu wetu wa zamani, kina al-Razi na Ibn Sina, walisoma vitabu vya Wagiriki na kumtaja Galen kwa jina lake bila kuona haya. Nasi tuichukue faida popote tunapoikuta.

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi ambaye saa za mapumziko aliwachunguza ndege wadogo, akiwavisha pete miguuni na kuchora ramani ya eneo la kila mmoja. Denis alipokuwa na miaka 11 alipigwa jiwe, akapoteza jicho moja. Aliingia Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi, kisha akahamia tiba na kuhitimu mwaka 1935. Akawa daktari mpasuaji.

Aliomba kazi ya serikali ya kikoloni Afrika Magharibi, akakataliwa kwa sababu ya jicho lake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa daktari wa jeshi, na Kenya ni miongoni mwa nchi alizotumikia. Mwaka 1946 alipata shahada ya MD. Kwa utaratibu wa Ireland na Uingereza, MD si shahada ya kuanzia. Hupewa daktari aliyekwisha kufanya kazi, akaleta tasnifu yake. Mwaka huohuo akapelekwa Uganda.

Wengine wakishapata cheti hufunga daftari. Yeye ndipo alipolifungua. Alipokuwa Lira, kaskazini mwa Uganda, aliwapasua wanaume wengi wenye mabusha. Akaona kwamba wengi walitoka upande mmoja wa wilaya, na upande wa pili ugonjwa ulikuwa haba. Akahesabu, akaandika, na mwaka 1951 jarida la Lancet likachapisha. Mtoto wa mchora ramani za ndege alikuwa ameanza kuchora ramani za maradhi.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mwenzake Dakta Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwa amewahi kuona jambo kama hilo. Wiki chache baadaye, katika hospitali ya Jinja, alimwona msichana mwenye uvimbe uleule usoni, na mwingine tumboni. Mmoja angeweza kuwa ajabu tu, lakini wawili walikuwa swali. Akarudi Mulago akafukua majalada ya wagonjwa, akawakuta watoto wengine wengi. Ilikuwa saratani, na iliwaua ndani ya miezi michache.

Makala yake ya mwaka 1958 haikushtua watu. Hakuwa na maabara wala fedha nyingi, na upasuaji ulimsubiri kila siku. Alichofanya kilikuwa chepesi: alituma barua na picha za wagonjwa kwa hospitali nyingi za Afrika, akiuliza kama maradhi haya yameonekana huko. Majibu yalipokuja aliyatia kwenye ramani. Ukatokea mkanda uliokatisha katikati ya bara.

Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walitoka Kampala kwa gari kuukuu, wakateremka hadi Afrika Kusini na kurudi. Walisafiri wiki 10, kilomita kama 16,000, wakipita hospitali zaidi ya 50. Waligundua kwamba maradhi hupatikana penye joto na mvua nyingi, na hupungua sana katika nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria kali.

Mapema mwaka huohuo alikuwa ametoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti Anthony Epstein. Wakakubaliana vipande vya uvimbe vipelekwe London kwa ndege, na mwaka 1964 Epstein na wenzake Achong na Barr wakatangaza kirusi walichokiona kwa darubini ya elektroni. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Huko Kampala, Burkitt aliwajaribia watoto dawa, kwa kuwa mashine ya mionzi haikuwapo, na baadhi yao wakapona.

Aliondoka Uganda mwaka 1966, akafariki mwaka 1993. Saratani ile inaitwa kwa jina lake hadi leo, na kwetu Rwanda watoto wanaougua hutibiwa katika kituo cha saratani cha Butaro, kilichofunguliwa mwaka 2012.

Ndugu daktari, ndugu mwanafunzi: hatusemi kwamba fedha na maabara hazina maana. Burkitt mwenyewe alimhitaji Epstein. Tunasema swali lilitoka wodini, na lingempita kama asingeandika, asingehesabu, asingewauliza wenzake. Basi usiku wa zamu yako andika unachokiona, hata kama ni mstari mmoja. Litunze jalada la mgonjwa kama amana. Tasnifu yako huenda tayari imelala kitandani mbele yako, nayo inamsubiri daktari atakayeitazama mara ya pili.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.