Rafadha Iliyomeguka na Kijana Asiye na Jina

Mwanafunzi mmoja wa ufundi huko Sigalagala, kusini mwa mji wa Kakamega, alinitaka hivi majuzi nimtajie neno la Kiswahili la kile kifaa kinachozunguka mbele ya ndege ndogo. Nikamjibu kuwa ni rafadha, ingawa mafundi wengi husema propela na hueleweka. Jibu hilo halikumtosha. Alitaka pia kujua ni nani katika historia yetu aliyewahi kuitengeneza ilipoharibika. Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye maisha ya Denys Finch Hatton.

Mwingereza huyo alizaliwa mwaka 1887 katika ukoo wa makabaila, akasoma Eton na Oxford, kisha akaja nchini mwaka 1911. Alifanya biashara, akapigana katika Vita Vikuu vya Kwanza, na hatimaye akawa mwindaji mashuhuri aliyemwongoza Edward, mrithi wa ufalme wa Uingereza, katika safari za mwaka 1928 na 1930. Wengi wamjua kwa mapenzi yake na Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark, ambayo filamu ya mwaka 1985 iliyaeneza duniani kote. Katika miaka yake ya mwisho alimiliki ndege ndogo aina ya Gipsy Moth, akanuia kuitumia kuwatafuta ndovu kutoka angani.

Rafadha ya ndege kama hiyo ilikuwa ya mbao zilizogundishwa tabaka kwa tabaka, nayo ilizunguka kiasi cha mara 2,000 kwa dakika. Anayeikagua huhakikisha kwanza kuwa injini imezimwa, kisha hupitisha vidole polepole kwenye ukingo wa kila panga lake, akitafuta pengo, ufa au tabaka linaloachana, na kutazama kama bolti zimekazwa sawasawa. Pengo dogo si jambo dogo. Panga moja likipungua uzito, mtikisiko huingia katika injini nzima. Mnamo 17 Septemba 1908, rafadha ya Orville Wright ilipasuka angani huko Marekani. Yeye akavunjika mguu, na abiria wake, Luteni Thomas Selfridge, akafariki.

Mei 1931, Finch Hatton aliruka hadi pwani. Alipotua, rafadha yake iliharibika. Yasemekana ilimegwa na kipande cha tumbawe. Akapeleka simu Nairobi, na kampuni ya ndege ikamtuma kijana mmoja kumletea vipuri Mombasa. Blixen asimulia katika kitabu chake cha mwaka 1937 kwamba ndege ilipokuwa tayari, Finch Hatton alimwalika kijana huyo wapande pamoja. Alikataa katakata, ilhali alikuwa amezoea kuruka, hata na Finch Hatton mwenyewe.

Asubuhi ya 14 Mei, ndege hiyo iliondoka Voi, ikazunguka juu ya uwanja, kisha ikaanguka na kuteketea. Finch Hatton alifariki, na pamoja naye mtumishi wake, Kamau. Chanzo hakikuthibitishwa kamwe.

Sisemi kwamba rafadha ndiyo iliyowaua, ushahidi haupo. Linalonikera ni jingine. Blixen aliuchukulia ukataaji ule kama kivuli cha kudura. Huenda. Lakini huenda pia kijana yule, aliyezoea ndege na marubani, aliona au kusikia jambo. Kitabuni hatupewi sababu yake, wala jina lake. Aitwa tu kwa neno lile la kikoloni, boi. Kaburi la Finch Hatton katika vilima vya Ngong lina mnara. Kamau amebakiwa na jina moja tu.

Siku hizi anayekagua ndege huandika alichokiona na kutia sahihi, na bila sahihi hiyo ndege hairuki. Basi walimu wenzangu wa vyuo vya ufundi, tusiwafunze vijana kushika spana pekee. Tuwafunze kuandika ripoti, na tuwape istilahi za kazi yao katika lugha wasiyoiogopa. Anayeuona ufa akakosa neno la kuutaja, au akaogopa kulitamka mbele ya mkubwa, atanyamaza, na ndege itaruka.

Mwanafunzi wangu wa Sigalagala, aliyeileta rafadha ile hatumjui. Wewe andika jina lako.