Mchungaji John Curwen na Herufi Saba Tunazoimba

Katika kabati la kwaya yetu kuna faili ambalo limepita mikononi mwa walimu wetu wote wa kwaya. Karatasi nyingine zimeandikwa kwa mkono, nyingine ni fotokopi ya fotokopi, lakini zote zimejaa alama zile zile: d, r, m, f, s, l, t, pamoja na nukta pacha, vistari na mistari ya kusimama. Bila karatasi hizo hatungekuwa na jubilii ya kusherehekea. Kwa hiyo tumeona vyema tumkumbuke mchungaji aliyezieneza alama hizo duniani.

John Curwen alizaliwa tarehe 14 Novemba 1816 huko Heckmondwike, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Congregational, naye akafuata njia hiyo hiyo. Alipenda sana kufundisha watoto. Lakini muziki haukuwa kipawa chake. Alijaribu kujifunza kusoma noti akashindwa, kama wengi wetu tulivyoshindwa tulipowekewa mbele ile mistari mitano.

Mwaka 1841, mkutano wa walimu wa shule za Jumapili mjini Hull ulimpa kazi: atafute njia rahisi na nzuri ya kufundisha kuimba. Kazi ya muziki ikamwangukia mtu asiyejua muziki. Katika kutafuta kwake akapata kitabu cha Sarah Glover, binti wa kasisi aliyekuwa akifundisha watoto mjini Norwich. Mama huyu alikuwa ameacha noti za mistari na kutumia herufi za kwanza za do, re, mi, zilizopangwa kama ngazi ukutani. Ndiye pia aliyeibadilisha si kuwa ti, ili kila sauti iwe na herufi yake. Baada ya muda wa wiki mbili hivi, Curwen aliweza kusoma wimbo mwepesi peke yake. Akatambua kwamba tatizo halikuwa sikio lake, bali njia aliyofundishiwa.

Siri ya solfa ni kwamba do huhama. Asubuhi ya baridi soprano wakilalamika kwamba wimbo uko juu, mwalimu huteremsha do, na karatasi haibadiliki hata herufi moja. Mwimbaji hujifunza uhusiano wa sauti na sauti, kama mtu anayejua ngazi za nyumbani kwake hata gizani.

Hapa hatuna budi kusema ukweli wote. Curwen aliibadilisha kazi ya Glover kabla ya kupata idhini yake, na mama huyo hakufurahi. Hata hivyo Curwen aliendelea kumtaja kuwa mwanzilishi. Sisi wanakwaya tuna la kujifunza hapo. Mara ngapi tumenakili wimbo wa mtu tukasahau kuandika jina lake juu ya karatasi?

Mwaka 1843 Curwen alitoa kitabu chake cha kufundishia shule na makanisa. Mwaka uliofuata aliitwa kuchunga kanisa la Plaistow, karibu na London, na mwaka 1853 chama cha solfa kikaanzishwa. Mwaka 1857 watoto wapatao 3,000 waliimba kwa solfa katika jumba la Crystal Palace. Herufi ziliweza kuchapishwa na mashine ya kawaida ya kupiga chapa, hivyo vitabu vikawa vya bei ambayo maskini waliimudu. Mwaka 1864 aliacha uchungaji wa usharika ili aishughulikie kazi hii tu. Ishara za mkono ambazo mwalimu wetu hutumia alizitoa mwaka 1870, mwaka ule ule sheria ilipofungulia watoto wa Uingereza shule za umma, na solfa ikapata nafasi madarasani. Alifariki mjini Manchester tarehe 26 Mei 1880, akiwa na umri wa miaka 63.

Kazi haikufa naye. Mwanawe, John Spencer Curwen, alianzisha mashindano ya muziki huko Stratford, London, mwaka 1882. Wamisionari walikuwa wameshaifikisha solfa Madagaska na Afrika Kusini, ambako mwalimu Enoch Sontonga alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897. Kwetu Kenya, Tamasha la Muziki lilianza mwaka 1927, na hadi leo shule za Kitui na Makueni hupanda jukwaani pamoja na shule nyingine za nchi.

Wengi wetu tuliosoma shule za msingi za umma huku Ukambani tulikutana na herufi hizi ubaoni. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, muziki ulikuwa somo la kila mtoto. Baadaye uliondolewa katika mtihani wa darasa la nane, na somo lisilotahiniwa likageuka kipindi cha kumalizia hesabu. Sisi tulio walimu tunajua hivyo kwa sababu tulifanya hivyo. Matunda yake tunayaona kwenye mazoezi: kijana ana sauti nzuri ajabu, lakini hawezi kushika wimbo mpaka ausikie kwenye simu. Wazee wetu wa besi na teno wanaosoma karatasi moja kwa moja wanapungua kila mwaka.

Mtaala wa CBC umerudisha sanaa za ubunifu darasani, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini shule nyingi hazina mwalimu aliyesomea muziki. Curwen naye hakusomea. Basi ombi letu katika jubilii hii ni dogo: kila mwanakwaya anayejua solfa amchukue mtoto mmoja wa shule ya Jumapili, amfundishe ngazi ya do mpaka aweze kusoma ubeti mmoja bila kusaidiwa. Mbathi za babu zetu nazo tuziandike kwa herufi hizo, pamoja na majina ya waliotuachia, kabla sauti zinazozikumbuka hazijanyamaza.

Mungu aibariki kwaya yetu.