Jacques Henri Lartigue

Jacques Henri Lartigue (Courbevoie, 13 Juni 1894 – Nice, 12 Septemba 1986) alikuwa mpiga picha na mchoraji wa Ufaransa. Anajulikana hasa kwa picha alizopiga akiwa bado mtoto na kijana, zikionyesha magari ya mashindano, ndege za kwanza na maisha ya matajiri kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Maisha

Alizaliwa katika familia tajiri. Baba yake alipenda kupiga picha, na mwaka 1902 alimpa mwanawe kamera. Jacques alipiga picha za ndugu na jamaa zake, hasa kaka yake Maurice, aliyeitwa Zissou nyumbani, ambaye alijiundia vigari na vyombo vya kurukia. Tangu utotoni aliandika shajara na kubandika picha zake katika albamu. Hata hivyo, alijihesabu kuwa mchoraji, na mwaka 1915 alisoma kwa muda katika Académie Julian mjini Paris. Mali ya familia ilipopungua baadaye, uchoraji ulimsaidia kupata riziki.

Picha ya gari namba 6

Picha yake mashuhuri kuliko zote inaonyesha gari la mashindano likipita kasi, dereva na fundi wake wakiwa wameketi nyuma ya usukani, na namba 6 ikiwa imeandikwa kwenye tangi la petroli. Gurudumu limekuwa na umbo la yai na kuinama mbele, huku watazamaji na nguzo kando ya barabara wakiinama upande wa nyuma.

Hilo halikufanywa kwa ufundi wa chumba cha giza. Pazia la kamera yake lilikuwa na mwanya mwembamba uliopita mbele ya bamba la kioo, hivyo sehemu ya chini ya mandhari ilinaswa kwanza na ya juu baadaye kidogo. Lartigue aliizungusha kamera kulifuata gari, lakini gari lilimzidi mwendo. Ndiyo sababu gari linaegemea upande linakokwenda na watu wanaegemea upande mwingine.

Kwa miaka mingi picha hiyo ilitajwa kuwa ya gari la Delage katika Grand Prix ya Ufaransa ya mwaka 1912, iliyofanyika Dieppe. Kulitambua gari si rahisi, kwa kuwa sehemu yake ya mbele imekatwa na ukingo wa picha; na kwa magari ya wakati ule rejeta na boneti ndizo zinazomwambia mtazamaji jina la kiwanda. Kilichobaki ni tangi, namba na watu wawili. Lakini Delage hawakushiriki mashindano ya 1912. Namba ikilinganishwa na orodha ya washiriki, gari linaonekana kuwa la Th. Schneider, kiwanda cha Besançon, na dereva wake ni Croquet. Mashindano yenyewe ni ya 12 Julai 1913, karibu na Amiens, ambako Georges Boillot alishinda kwa gari la Peugeot kama alivyoshinda Dieppe mwaka uliotangulia.

Kwa hiyo mpiga picha alikuwa na umri wa miaka 19, si 18. Kosa kama hili halishangazi: Lartigue alizipanga upya albamu zake uzeeni, na maelezo yaliyoandikwa miaka mingi baada ya tukio hayana uzito sawa na gazeti la siku ile. Picha haipotezi uzuri wake kwa kusahihishwa, lakini Croquet alistahili jina lake lirudishwe.

Umaarufu

Lartigue hakujulikana sana kama mpiga picha hadi mwaka 1963, alipokuwa na umri wa miaka 69. Mwaka huo John Szarkowski alionyesha picha zake katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Jarida la Life nalo lilizichapisha, katika toleo lililokuwa na habari za kuuawa kwa Rais John F. Kennedy, hivyo zilionwa na watu wengi mno. Mwaka 1974 alipiga picha rasmi ya Rais Valéry Giscard d'Estaing.

Mwaka 1979 aliikabidhi serikali ya Ufaransa picha na albamu zake. Bado kuna vitabu vinavyoiandika picha ya gari namba 6 kuwa ya mwaka 1912.