MFAHAMU SIR MICHAEL WOOD, DAKTARI ALIYERUSHA NDEGE KWENDA KUREKEBISHA MIILI YA WATU VIJIJINI

Haya wadau, leo tuweke pembeni siasa na mpira. Ukimuuliza kijana yeyote kuhusu Flying Doctors atakwambia ni zile ndege za kubeba wagonjwa. Sawa. Lakini ukimuuliza nani alianzisha na alitaka nini hasa, wengi kimya. Mada hii nimeileta makusudi, maana kuna jambo la mama zetu na dada zetu huku milimani ambalo linagusana na maisha ya mzee huyu. Vumilieni, mtaliona.

Michael Wood alikuwa Mwingereza, daktari wa upasuaji. Alifanya kazi London wakati mji ule unapigwa mabomu na Wajerumani kwenye Vita Kuu ya Pili. Tatizo lake lilikuwa pumu, hali ya hewa ya kwao ikawa inamtesa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 akafunga mizigo na familia yake wakaja Kenya. Mke wake, Susan, wala hakuwa mgeni wa Afrika, alizaliwa Kongo, wazazi wake walikuwa wamisionari. (Ndiye huyo mama aliyeanzisha Kazuri mwaka 1975, wale akina mama wa Nairobi wanaotengeneza shanga za udongo.)

Nairobi angeweza kukaa akatibu matajiri, akajenga, akazeeka vizuri. Lakini kila alipotoka nje ya mji alikutana na watu wenye majeraha ambayo kidonda kimepona ila mwili umeharibika. Mtoto kaanguka motoni, shingo imegandamana na kifua. Mwingine kararuliwa na fisi. Mwingine kazaliwa na mdomo wa sungura, anafichwa ndani wageni wakija. Hawafi, lakini hawaishi na watu.

Miaka ya 1950 akarudi Uingereza kusomea upasuaji wa kurekebisha maumbile, kwa bingwa mmoja anaitwa Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand. McIndoe ndiye aliyewatengeneza upya marubani walioungua nyuso na mikono vitani, pale East Grinstead. Kikubwa alichofanya hakikuwa kisu peke yake. Aliwatoa wagonjwa wake wodini wakaenda mitaani, kwenye sinema na kwenye baa, na wenyeji wa mji ule wakazoea kukaa nao bila kuwakodolea macho. Alijua kwamba mtu aliyeungua uso anahitaji ngozi na anahitaji jamii. Somo hilo Wood alirudi nalo Afrika.

Hapa Tanzania inaingia, wadau. Wood alikuwa na shamba Ol Molog, upande wa Kilimanjaro, na McIndoe naye alipenda kuja huko. Yeye, McIndoe na Mmarekani mmoja aliyeitwa Tom Rees, naye daktari wa kazi hiyohiyo, wakawa wanaumiza kichwa kwa swali moja: mtaalamu yuko mjini, mgonjwa yuko porini, barabara hakuna, sasa nani amfuate mwenzake? Jibu lao likawa kwamba mtaalamu ndiye amfuate mgonjwa, kwa ndege. Mwaka 1957 wakaanzisha shirika ambalo leo tunalijua kama AMREF. Yaani wazo la shirika kubwa namna ile lilichipukia mlimani kwetu.

Kumbukeni hali ilivyokuwa. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa 12 tu, nchi nzima! Wood akawa anarusha ndege mwenyewe, anatua kwenye viwanja vya majani, anaingia hospitali ya misheni, anapasua huku daktari wa pale na wauguzi wakitazama ili wajifunze, kisha anapaa kwenda hospitali nyingine. Baadaye zikaja redio za mawasiliano, hospitali ya kijijini ikaweza kuomba ushauri bila kusubiri barua. Mwaka 1985 alipewa cheo cha Sir, na mwaka huohuo akashiriki kuanzisha FARM-Africa, shirika la kusaidia wakulima na wafugaji, kwa kuwa alishaona njaa inaleta wagonjwa wengi kuliko atakaoweza kuwapasua. Alifariki mwaka 1987.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Wengi tukisikia upasuaji wa plastiki tunadhani ni kuwekewa plastiki, au ni mambo ya mastaa. Hapana. Neno lenyewe asili yake ni Kigiriki, maana yake kufinyanga, kama mfinyanzi na udongo wake. Na kanuni yake kuu ni rahisi kuielewa: nyama ukiihamisha lazima ihame na damu yake, la sivyo inakufa. Ndugu yake McIndoe, Harold Gillies, mwaka 1917 alikuwa anainua kipande cha ngozi, anakikunja kama bomba huku upande mmoja umebaki umeshikana na mwili ili kilishwe damu, anakipeleka palipoharibika. Alianza na nyuso za askari. Miaka ya 1940 akatumia njia hiyo kutengeneza ziwa la mwanamke kwa nyama ya tumbo lake mwenyewe.

Sisemi Wood ndiye aliyekuwa akitengeneza maziwa ya wanawake. Kazi yake ilikuwa zaidi wale walioungua, walioraruliwa na watoto wa mdomo wa sungura. Lakini ufundi ni uleule, na sababu ni ileile.

Kansa ya matiti ni ya pili kwa wanawake wa Tanzania, baada ya ile ya mlango wa kizazi. Kwa wengi haitokani na urithi. Ila kuna koo chache ambazo bibi, mama na shangazi wote wanapata, tena wakiwa bado wadogo. Miaka ya 1990 wanasayansi waligundua vinasaba viwili, BRCA1 na BRCA2, ambavyo vikiwa na kasoro, uwezekano wa mwanamke kuugua maishani unapita nusu. Wengine wa namna hiyo huamua kutolewa matiti yote mawili kabla hawajaugua. Hatari inapungua kwa takriban asilimia 90 au zaidi, ingawa haifiki sifuri. Mwaka 2013 Angelina Jolie alitangaza kwamba amefanya hivyo, dunia nzima ikaongea.

Baada ya kutolewa, mwenye kutaka anaweza kutengenezewa mengine, kwa mfuko wa silikoni (ulianza kutumika mwaka 1962) au kwa nyama yake ya tumboni au mgongoni. Tuambiane ukweli: ziwa hilo halinyonyeshi, na hisia hupungua sana au hupotea. Na kuna wanawake wanaoamua kubaki hivyohivyo, wana haki yao.

Najua kuna mdau atauliza, mambo haya yanatuhusu nini sisi wa Vugiri, ambako kushuka tu Korogwe na mgonjwa ni shughuli? Kipimo cha vinasaba hukikuti kwenye zahanati ya kijijini. Kweli kabisa. Lakini fikirieni kwa nini akina mama wengi wanafika Ocean Road wakiwa wamechelewa. Nauli ni sababu, dawa za mitishamba ni sababu, na HOFU ni sababu. Mama anahisi uvimbe, anajua akienda atakatwa ziwa, anawaza mumewe, anawaza watakaomcheka kisimani, anakaa kimya mwaka mzima. Uvimbe hausubiri.

Ndiyo maana nasema kurekebisha mwili si anasa. Mtu akijua kuna maisha baada ya kisu, na kwamba hatageuzwa kituko, anakwenda mapema. Wood aliliona hilo kwa mtoto wa mdomo wa sungura aliyefichwa ndani.

Kwa hiyo dada zangu, ukihisi uvimbe, chuchu imeingia ndani au inatoa damu, usingoje iume, nenda hospitali. Kama kwenu mama, dada au shangazi waliugua wakiwa vijana, mwambie daktari hata asipouliza. Na sisi wanaume, mke akirudi na ziwa moja, ni mke yuleyule. Kutokumkodolea macho hakuhitaji ndege wala fedha, watu wa East Grinstead waliweza.

Nawasilisha. Karibuni kwa maoni, ila matusi hapana.