Karl Pearson na Mizani ya Bahati

Kila aanzaye elimu ya takwimu hukutana upesi na jaribio liitwalo kai-mraba. Leo twasimulia maisha ya mtu aliyelibuni, Bwana Karl Pearson wa Uingereza.

Pearson alizaliwa London mwaka 1857. Alisoma hisabati Cambridge, na mwaka 1884 akawa profesa wa University College London. Huko rafiki yake, Walter Weldon, alirusha dadu 12 kwa pamoja mara 26,306, akihesabu tano na sita zilizotokea. Zikazidi kidogo matarajio. Je, ziada ile ilikuwa bahati tu, ama dadu zilikuwa na kasoro?

Mwaka 1900 Pearson alitoa mizani ya kupimia jambo hilo. Tofauti baina ya idadi iliyotarajiwa na iliyoonekana huzidishwa kwa nafsi yake, ikagawanywa kwa ile iliyotarajiwa, kisha majibu yote hujumlishwa. Tukirusha shilingi mara 100, twatarajia 50 kwa 50. Tukipata 62 kwa 38, jumla yafika 5.76. Shilingi isiyo na hila huleta tofauti kubwa hivyo chini ya mara 5 katika majaribio 100. Hapo yafaa kuishuku, ingawa haijathibitika kuwa mbovu.

Hata hivyo, fundi huyu hakupenda kupimwa. Mwaka 1922 Ronald Fisher, kijana kwake kwa miaka mingi, alionyesha kosa katika namna Pearson alivyolitumia jaribio lake mwenyewe kwenye majedwali. Pearson alikataa katakata. Wataalamu wakamkubali Fisher.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Mwaka ule ule wa 1900, alihutubu mjini Newcastle akitetea mataifa yenye nguvu kuwaondoa katika ardhi yao watu aliowaita duni, Waafrika wakiwamo. Aliyewafundisha wengine kuyashuku matarajio yao hakuyashuku ya kwake.

Pearson alifariki mwaka 1936. Mwaka 2020 chuo chake kiliondoa jina lake katika jengo lililokuwa likiitwa kwalo. Mizani yake imebaki, nayo hutumika hadi leo katika hospitali na mashamba ya utafiti, Afrika ikiwamo. Hatuna budi kuitumia kwa uangalifu, tukianza na yale tunayoyaamini sisi wenyewe.